Mbegu za kahawa zinakaa friji? Nataka kuzitunza mpaka masika ya mwakani

Ngosha_Buchosa (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Nina eka mbili Buchosa, upande unaotazama ziwa, na nimeamua kuzijaza kahawa. Shemeji yangu yuko Muleba, miti yake imeiva sasa hivi na amesema atanipakilia mbegu kwenye meli ya Bukoba wiki yoyote nitakayotaka. Kuna jamaa mwingine wa Tarime ana kahawa ya arabika, yeye ananipa debe zima bure.

Kikwazo ni shamba lenyewe. Uzio haujaisha, ng'ombe wa majirani wanakatiza wanavyotaka, na kisima bado kinachimbwa. Kwa hiyo mpango wangu ni huu: nizipokee mbegu sasa, nizianike juani mpaka zikauke kabisa, nizifunge kwenye chupa, niziweke kwenye friji hapa nyumbani Nyakato, Mwanza, halafu nizitoe masika yakikaribia. Marehemu mama alikuwa akitunza mbegu ya mahindi hivyohivyo, tena juu ya moshi wa jikoni bila friji yoyote, na zilikuwa zinaota.

Naomba kujua: juani zikae muda gani? Friji inatosha au niombe nafasi kwenye friza? Mwenye uzoefu aje, sio wa kusoma Google halafu ananirudishia mimi.

DagaaKavu

Mkuu, friza ndio habari ya mjini. Kule Norway, Svalbard, wamechonga ghala ndani ya mlima tangu 2008, mbegu za dunia nzima ziko humo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza yangu ya sangara hapa Kirumba inafika hapohapo umeme ukitulia. Lete chupa yako nikuwekee pembeni, utanilipa kahawa mti ukizaa. Mimi mwenyewe kuna mbegu za kahawa nilizoletewa na abiria wa Bukoba, nimezichomeka humo kwenye mfuko zinanisubiri.

KambiPopote

Naweka kambi hapa. Wataalamu waje.

MzeeWaKitalu

Ngosha, kabla hujamkimbilia huyo wa sangara, nisikilize. Nimekula chumvi nyingi kwenye vitalu vya kahawa huko Kagera.

Mahindi na kahawa usiviweke kapu moja. Wataalamu wa mbegu wanazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mahindi, maharage, mpunga, mtama: unazikausha mpaka unyevu unabaki kama asilimia 5, unazigandisha, zinakaa miaka na miaka. Hizo ndizo ziko Svalbard. Fungu la pili ni embe, parachichi, fenesi, kakao: ukizikausha tu umeziua. Kahawa ilisumbua watu muda mrefu maana haikuwa huku wala kule. Mwaka 1990 Ellis, Hong na Roberts wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha kwamba ina fungu lake la katikati. Inavumilia kukaushwa kiasi, lakini ikishakauka haitaki baridi kali. Svalbard yenyewe haina namna ya kuitunza kahawa. Mbegu ya mahindi inalala fofofo, ya kahawa inasinzia tu.

Sasa mpango wako una makosa mawili kwa mpigo.

La kwanza ni jua. Mbegu ya kupanda haianikwi juani. Jua la Mwanza saa saba mchana, juu ya sakafu ya saruji, linapasua lile ganda la ndani na kupika kiini cha mche ambacho kiko karibu sana na uso wa mbegu. Kahawa ya kuuza ndiyo inayoanikwa juani, maana hakuna anayetaka iote.

La pili ni friji. Friji ya nyumbani iko kwenye nyuzi 4 hivi. Mbegu ya kahawa humo haifi siku moja, inakufa polepole, na ukiitazama kwa nje bado nzuri, rangi yake ileile. Unakuja kujua Machi, tuta limekaa kimya wiki nane. Friza ni mbaya zaidi: kama bado ina maji mengi, barafu inaipasua kwa ndani usiku huohuo.

DagaaKavu, pole mwanangu.

DagaaKavu

Mzee umeniua. Kwa hiyo zangu zimeshakuwa maiti?

MzeeWaKitalu

Tutazipima. Ngoja kwanza tumalizane na mwenye uzi.

Binti_Maabara

Shikamoo mzee. Naongezea kidogo upande wa kwa nini, kwa sababu watu wengi hawaamini kwamba baridi inaweza kuua kitu kikavu.

Mbegu ya kahawa ina mafuta mengi, arabika ni kama asilimia 15 ya uzito wake. Maelezo yanayokubalika kwa sehemu kubwa ni kwamba mafuta hayo yakiganda kwa baridi kisha mbegu ikalowekwa maji ghafla, tando za seli zinachanika wakati mbegu inavimba. Ndiyo maana wanaozitoa kwenye baridi kali huzirudishia unyevu taratibu, hawazitumbukizi kwenye ndoo.

Joto salama linalojulikana ni nyuzi 15. Hapo kuna njia mbili, na zinachekesha kwa sababu zinapingana kwenye unyevu lakini zinakubaliana kwenye joto. Moja ni kukausha hadi unyevu wa asilimia 10 hivi, ukafunga kwenye chombo kisichopitisha hewa. Nyingine ilifanyiwa kazi Kenya na van der Vossen, akaichapisha mwaka 1979: mbegu zinaachwa na unyevu mwingi, kama asilimia 40, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, nyuzi 15 zilezile. Arabika ilitunzika hivyo zaidi ya miaka miwili, robusta, ile aina nyingine ya kahawa, ikachoka mapema zaidi. Hiyo ya pili ukungu ni adui mkubwa, sikushauri uifanyie nyumbani.

Ukiziacha kwenye joto la kawaida la hapa Mwanza, usitegemee kitu cha maana baada ya miezi minne hadi sita. Robusta hata chini ya hapo.

MzeeWaKitalu

Marahaba binti. Umesema vizuri kunizidi.

Ngosha_Buchosa

Asanteni sana. Mzee nashukuru, nilikuwa naelekea kuchoma mbegu za shemeji. Sasa hizo nyuzi 15 nazipata wapi? Friji yangu kitufe kikiwa mwisho kabisa bado inagandisha mchicha.

FundiBaridi

Hapo ndipo kwangu. Tafuta friji kuukuu au friza ndogo inayopoza vizuri, halafu nunua kidhibiti joto cha nje, hivihivi wanavyofunga kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Unachomeka friji kwenye kidhibiti, kidhibiti kwenye umeme, kile kijiwaya chenye kichwa cha chuma unakiingiza ndani ya friji. Unaweka 15, kikifika 15 kinakata, joto likipanda kinawasha. Na umeme ukikatika usiku mzima huna hasara kubwa, maana kutoka 15 kupanda 20 sio msiba. Kwa samaki ndio kungekuwa na kilio.

Chungu ndani ya chungu chenye mchanga wa maji katikati nacho kinapoza, hasa Juni hadi Agosti hewa ikiwa kavu. Lakini hakifiki 15 na humo ndani kuna unyevu mwingi, chupa lazima ifungwe haswa.

Binti_Maabara

Ngosha, kama utaamua kukausha, usikisie kwa kuuma na jino. Tumia mizani ya jikoni.

Mbegu zilizomenywa na kuoshwa huwa nusu ya uzito wake ni maji. Chukulia una gramu 1,000. Humo kuna gramu 500 za mbegu kavu tupu, hizo hazibadiliki. Unataka maji yabaki asilimia 10 ya uzito wote, kwa hiyo 500 gawa kwa 0.9, unapata 556. Mzigo ukisoma gramu 556 simama. Kwa asilimia 12 ni 568. Utaona tofauti ni gramu kumi na mbili tu, ndiyo sababu mwisho wa kukausha inabidi upime mara kwa mara, la sivyo utapitiliza.

Hiyo ni hesabu ya kukisia kwamba maji ni nusu. Ukitaka uhakika, toa sampuli ndogo, ichome kwenye oveni nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, ndipo ujue ulianza na maji kiasi gani.

Na lile jaribio la chumvi la wakulima wa mahindi linafaa pia kama kipimo cha haraka: chumvi kavu kwenye chupa kavu, mbegu juu, funika, tikisa dakika moja au mbili. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado mbichi, rudisha kivulini. Isipoganda haina maana umefika asilimia 10, ina maana tu hatari ya ukungu imepungua.

MzeeWaKitalu

Na ukaushaji wenyewe ni hivi. Chuma tunda jekundu lililoiva lenyewe, sio lililoanguka, sio lililokaukia mtini. Menya kwa mkono. Mashine ya kumenyea inakwaruza. Loweka usiku mmoja utelezi ulegee, sugua na mchanga safi au kwa viganja, osha mpaka ukikamata mbegu inakwaruza mkononi badala ya kuteleza. Zinazoelea tupa zote, hata kama ni nusu ndoo. Halafu tandika chandarua juu ya kichanja cha dagaa, kivulini, upepo upite juu na chini, mbegu zikae safu moja. Unageuza asubuhi na jioni. Upepo wa ziwa mchana unakusaidia, usiku funika au ingiza ndani maana umande unarudisha ulichotoa.

Ganda la ndani usilitoe mpaka siku ya kusia. Siku hiyo ukilibandua kwa kucha mbegu inawahi kuota, ukiliacha inachelewa.

OmuhayaAsilia

Wakuu mmeeleza friji mpaka nimesikia baridi, ila hakuna aliyemuuliza Ngosha swali la msingi. Mbegu za Muleba ni robusta. Robusta haijichavushi yenyewe, lazima chavua itoke mti mwingine. Kwa hiyo hata shemeji akichuma kwenye mti wake bora kuliko yote, baba wa hizo mbegu hamjui. Utapata watoto wa kila sura: mmoja anazaa, wa pili majani tu, wa tatu anashikwa na mnyauko mwaka wa tano ukiwa umeshampenda. Huo mnyauko fuzari umeimaliza mibuni mingi huku kwetu tangu miaka ya tisini.

Ndio maana kituo cha TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) pale Maruku, Bukoba, robusta bora wanazizalisha kwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vinavyooteshwa mizizi. Wana aina nne zilizotoka huko: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Kikonyo kinatoka na sura ya mama yake yuleyule. Hapo hukaushi, hugandishi, unachukua mche.

Arabika ni tofauti, inajichavusha kwa sehemu kubwa, mbegu yake inamfuata mzazi. Lakini Buchosa ziwani uko mita 1,100 na kitu. Arabika hapo itateseka na joto na kutu ya majani. Debe la Tarime waachie wa Tarime.

Na lingine: shemeji asije akakuletea kahawa ya maganda kutoka stoo ukadhani ni mbegu. Iliyoanikwa na tunda lake juani miezi mitatu iliyopita ni ya kiwandani, sio ya kusia.

Ngosha_Buchosa

Mtani umenigusa. Kwa hiyo nisipande mbegu kabisa?

OmuhayaAsilia

Sijasema usipande, wazee wetu walipanda mbegu na tukasomeshwa. Nasema ujue unachopata. Kama eka mbili ndio matumaini yako ya pesa, weka vikonyo. Kama unataka miti michache ya kivuli cha nyumbani na ya kutafuna, mbegu sawa.

MzeeWaKitalu

Namuunga mkono Omuhaya, ila Ngosha hebu tupige hesabu yako tuone kama hata hiyo friji unaihitaji.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, eka moja inaingia mibuni kama 450. Eka mbili 900. Kilo moja ya mbegu zenye ganda la ndani ina mbegu elfu tatu hadi nne. Ukiweka na za kufa, nusu kilo inakutosha na kubaki. Wewe unaongelea debe!

Kisha wakati. Mbegu mbichi inayosiwa sasa hivi inachukua wiki sita hadi nane kuinua kichwa, ikishafungua majani yake mawili ya mwanzo unaihamishia kwenye kiriba (kifuko cha kukuzia mche), na inahitaji miezi mingine sita au zaidi kabla ya kwenda shambani. Hesabu mwenyewe inaangukia wapi. Inaangukia masika. Ukiiweka friji mpaka Machi ndipo uisie, miche yako itakuwa tayari mvua za mwaka huo zimeshaisha, utaanza kubeba maji kwa ndoo.

Uzio na kisima ni matatizo ya shamba, sio ya kitalu. Viriba mia tisa vinakaa nyuma ya nyumba hapo Nyakato chini ya kivuli cha makuti, na maji ya bomba. Ng'ombe wa Buchosa hawatavijua.

KambiPopote

Hapa mzee amefunga mjadala, twendeni nyumbani.

Mkerewe_Asiyechoka

Msifunge bado. Mimi nina kesi halisi ya kutunza. Ukerewe tuna mibuni mikongwe ya babu, inasemekana imepandwa kabla hata ya uhuru, na ndugu wameshauza sehemu hiyo, mnunuzi anataka kujenga. Sitaki ile kahawa ipotee. Daktari wa mifugo wetu ana ule mtungi wa naitrojeni anaobebea mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji. Nimesikia kahawa inatunzwa kwenye naitrojeni huko Amerika ya Kati. Nikimwomba achomeke za babu humo?

Binti_Maabara

Umesikia kweli. CATIE, kituo kilichoko Turrialba, Costa Rica, wametunza kahawa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ila kazi yote iko kabla ya kuzamisha. Mbegu inafikishwa kwenye kiwango kimoja mahsusi cha unyevu, ikipungua kidogo ukavu unaiua, ikizidi kidogo barafu inaiua, na kila aina ya kahawa ina kiwango chake. Ukizichomeka tu kwenye mtungi wa daktari zitatoka zimekufa, na yeye utakuwa umemchafulia mtungi.

Sehemu kubwa ya hazina ya kahawa duniani bado inatunzwa kizamani, yaani miti iliyo hai shambani: Costa Rica hapohapo, Madagaska, Ethiopia, na kwetu Lyamungu, Hai, makao makuu ya TaCRI. Ni gharama, ugonjwa mmoja unaweza kufagia safu nzima, lakini ndiyo hali. Watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 2019 walihesabu aina 124 za kahawa, asilimia 60 ziko hatarini kutoweka, na karibu nusu hazimo kwenye hazina yoyote ya mbegu au miti kama hizo. Hilo linaniuma kuliko habari za friji.

OmuhayaAsilia

Mkerewe, za babu yako ni robusta? Basi usihangaike na mbegu, mbegu sio babu, ni mjukuu wa mchanganyiko. Kata mti mmoja mmoja usawa wa goti sasa hivi kabla mnunuzi hajaleta greda. Yatachipua machipukizi yaliyosimama wima. Hayo ndiyo ya vikonyo, sio matawi ya pembeni. Tawi la pembeni hata likishika mizizi litaendelea kulala pembeni, hupati mti.

Mkerewe_Asiyechoka

Mnunuzi kasema baada ya Nanenane. Nitamwomba aniachie mpaka yachipue. Asante sana mtani, na dada pia.

MzeeWaKitalu

Ongea na watu wa Maruku pia, waone kama wanaitaka. Na kama kuna mti ulionyauka upande mmoja, huo usichukue hata jani, wala udongo wa chini yake.

DagaaKavu

Na mimi je? Mfuko wangu uko kwenye friza bado, nimeogopa hata kuutoa.

MzeeWaKitalu

Utoe, uache kivulini upate joto la kawaida, usizimwagie maji ya moto kuharakisha. Chukua mbegu kumi tu. Bandua ganda, loweka usiku kucha, asubuhi bandua na ile ngozi nyembamba. Upande mmoja wa mwisho kuna kijimwinuko, hapo ndipo mche umelala. Pasua taratibu kwa wembe. Utaona kitu cheupe chenye urefu wa milimita 3 au 4, kina kijimkia na vijani viwili vilivyobanana. Kikiwa cheupe kigumu na nyama ya mbegu imekaza, ina rangi ya kijani kibichi iliyopauka, kuna tumaini, sia zilizobaki leo hiihii. Kikiwa cha kijivu au cha kahawia, kinabonyea, na nyama imekuwa nyeusinyeusi, zimekwisha.

DagaaKavu

Nimepasua kumi. Tisa kahawia. Moja sijui niseme rangi gani.

MzeeWaKitalu

Hiyo moja nayo imekwisha.

Ngosha_Buchosa

Wakuu nimempigia shemeji. Nimemwambia debe hapana, anitafutie miche ya vikonyo, na mbegu kidogo tu za kujaribia hapa nyumbani, azimenye mwenyewe siku ya meli. Mzee, zikifika zimefungwa kwenye mfuko usiku kucha ziwani, zina shida?

MzeeWaKitalu

Mfuko wa nailoni uliofungwa zikiwa na maji yote zitapata joto na kuchacha. Mwambie aziweke kwenye kiroba cha kusuka au kikapu, na majani ya mgomba mabichi juu. Ukizipokea bandarini usizipitishe Kirumba.

KambiPopote

Na mbegu za parachichi je, zinakaa friji?

Binti_Maabara

Hizo fungu la pili, zisie leo. Za zaidi fungua uzi wako.